Siku Tuliyoulizwa Kinachotushinda

Mwanangu Samira, kuna siku moja katika miaka niliyofanya kazi na baba yako ambayo haijanitoka kichwani. Nakueleza leo kwa sababu jana, uliponiambia kwamba maofisa wa serikali wanakuja tena kukusanya habari za kampuni, ambayo sasa unaiongoza wewe, niliona vidole vyako vikisokota ncha ya mtandio. Nikamwona baba yako mle mle. Naye akiingiwa na hofu, vidole ndivyo vinavyotangulia.

Wakati ule wewe ulikuwa unasoma Morogoro. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu karibuni tu, na kaka yangu Seif, baba yako, akaniomba nimsaidie ofisini. Kwa umri nilikuwa mtu mzima, lakini kwa biashara ya viungo nilikuwa mchanga kabisa. Sikujua kupanga bei wala kumtuliza mteja aliyekasirika. Tangawizi kavu, pilipili manga, iliki na mdalasini vilikuwa vikishushwa pale ghalani Nguvumali kutoka Muheza na Amani, vikichaguliwa, vikisagwa na kufungwa kwenye pakiti zenye jina letu. Ndivyo alivyotuachia marehemu baba, na ndivyo tulivyoendelea.

Asubuhi moja simu ya ofisini ikalia. Aliyepiga alikuwa mhandisi wa kike, jina lake Rehema. Akaeleza kwa adabu kwamba serikali inazungukia kampuni ikiziuliza zinatengeneza nini, zina mashine gani, na jambo gani la kiufundi linazishinda. Kampuni yenye tatizo itatafutiwa watafiti wa vyuo walifanyie kazi pamoja. Akaomba kuja Alhamisi.

Baba yako akakubali, maana angekataaje. Alipokata simu alibaki ameishika.

"Wanakuja kuhesabu," akasema.

"Hawakusema kuhesabu, kaka. Wamesema utafiti."

"Wale wa kwanza nao hawakusema."

Sikumcheka, nawe usimcheke. Tulipokuwa watoto, walikuja watu nyumbani kwetu Raskazone, wenye maneno mazuri, wakamuuliza baba ana nyumba ngapi za kupangisha na ziko mitaa gani. Mama akawapikia kahawa, akawatolea na halua. Baba aliwajibu kila kitu, na akajibu kwa fahari. Haukupita muda mrefu nyumba zile zikataifishwa, tukabaki na hii moja tunayokaa. Baba hakugombana na mtu. Alikaa tu barazani, mjini akawa haendi. Mimi nilikuwa mdogo mno, nakumbuka ule ukimya wake tu. Kaka alikuwa mkubwa kidogo, yeye aliyakumbuka maswali.

Basi hofu yake ilikuwa na mizizi. Ila safari hii palikuwa na jambo jingine ambalo wewe hukulijua, na baba yako ameniruhusu nikwambie.

Wiki ileile mteja wetu wa Mombasa alikuwa amerudisha shehena nzima ya tangawizi. Vipimo vya kwao vilionyesha sumukuvu, ile sumu inayoletwa na kuvu. Huwezi kuiona kwa macho wala kuionja kwa ulimi, nayo hulila ini la mtu polepole. Magunia yalirudi yakapangwa nyuma kabisa ya ghala. Wafanyakazi waliambiwa kwamba hatukuelewana bei.

"Alhamisi ukiulizwa," kaka akaniambia, "useme hatuna tatizo."

"Na magunia yale?"

"Yataanikwa tena."

"Halafu?"

Akachukua ufunguo wa gari akatoka.

Lile "halafu" nililibeba mchana kutwa. Alasiri nikaenda kwa shangazi yetu Zuwena, dada yake marehemu baba, ambaye wewe ulikuwa ukimwita bibi. Naye alikuwa na sehemu yake katika kampuni, ingawa ofisini alikuwa haji. Nilimkuta anaangalia tamthilia yake ya Kituruki. Aliipunguza sauti, hakuizima.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kafa?"

Ndivyo uso wangu ulivyokuwa. Nikamweleza yote: simu ya mhandisi, hofu ya kaka, shehena iliyorudi, jina la kampuni litakavyochafuka mji mzima, na pengine kufungiwa. Nilisema mpaka nikakaukiwa. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye televisheni, nikadhani hanisikii.

"Umenieleza habari za kaka yako, za serikali, na za mteja," akasema. "Atakayeinywa hiyo chai ya tangawizi hujamtaja hata mara moja."

"Shangazi, si mimi niliyeiweka hiyo kuvu."

"Sikukuuliza nani kaiweka. Nakuuliza, unajua imo au hujui?"

"Najua."

"Basi. Watu wazima na mvi zenu, mnamwogopa atakayeuliza, hamumwogopi atakayekula!"

Nilitazama chini kama mwanafunzi. Nilikuwa nimewakaripia watoto wa watu maisha yangu yote, nikawa nimesahau kukaripiwa kukoje. Naye hakuwa amemaliza.

"Na hayo mnayosema kwamba baba yenu aliponzwa na kusema kweli, si hivyo. Nyumba zilisimama barabarani, kila mtu akiziona. Hata angenyamaza zingechukuliwa. Kosa lake lilikuwa moja, aliulizwa akajibu, yeye asiulize kitu. Hakuuliza haya mnayaandika ya nini, nani atayasoma, mwisho wake nini. Alibaki anajilaumu kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Wewe mwanamke, akikuuliza mtu, nawe muulize."

Akaongeza sauti ya televisheni. Mazungumzo yakawa yamekwisha.

Alhamisi walikuja kwa bajaji, Mhandisi Rehema na kijana mwenzake aliyekuwa na kishikwambi cha kuandikia. Walimwamkia kaka kwa heshima, wakakaa. Maswali yakaanza. Kaka alijibu kwa neno moja moja, kama mtu anayeng'olewa jino. Mnasaga nini? Viungo. Mashine mmenunua wapi? Dar. Mnakausha vipi? Kwa jua.

"Na kuna jambo gani la kiufundi linalowasumbua?"

"Hakuna. Alhamdulillahi."

Kijana akaandika. Nikasema, "Kabla hamjaendelea, naomba na mimi niulize. Haya tunayowaambia yanakwenda wapi? Nani atayasoma?"

Kaka akanigeukia. Rehema naye akanigeukia, lakini hakukasirika. Akaeleza kwamba watafiti wataona aina ya kampuni, mashine na tatizo, na jina letu litatolewa kwa yule tu atakayepangiwa kufanya kazi nasi. Nikamuuliza habari ya mchanganyiko wetu wa bizari ya pilau, aliouanzisha baba. "Huo msituambie," akasema. "Ni siri ya biashara yenu, na hatuuhitaji."

"Na ofisi nyingine za serikali? Kesho haji mtu mwingine na haya haya mkononi?"

Rehema akamzuia kijana asiandike. "Mama, siwezi kukuahidi kwamba hatakuja mtu. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Ninachoweza ni kuwasomea kila tulichoandika kabla hatujakituma, na msichokitaka nikifute."

Mwanangu, angeniahidi pepo nisingemwamini. Kwa kuwa alikiri asichoweza, nikamwamini katika kile alichosema anaweza. Nikamwambia, "Basi andika kwamba tangawizi yetu imekutwa na sumukuvu, na hatujui inaingilia wapi."

"Nasra!"

Kaka aliniita jina tu. Kisha akainuka, kiti kikaanguka, naye akatoka bila kukiinua. Rehema aliinama akakisimamisha mwenyewe.

"Magunia hayo bado mnayo?" akauliza.

"Yapo ghalani."

"Yasitoke, mama. Kuyaanika tena hakuondoi sumu."

Baada ya siku hiyo baba yako alikuwa akija ofisini ananitolea salamu, na hapo ndipo maneno yanapoishia. Tulikaa meza zinazoelekeana kama abiria wasiojuana. Kila gari liliposimama nje ya ghala nilikwenda dirishani kuchungulia. Nilipungua mpaka nguo zikanipwaya. Nikawa najiuliza kama nimeokoa watu au nimeua kampuni ya baba yangu kwa mdomo wangu.

Kisha siku moja sokoni Makorora mfanyabiashara mmoja akaniita pembeni. "Bi Nasra, nasikia mna matatizo ya kuvu." Nilimpigia Rehema simu palepale, nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Alinisubiri nimalize, akaniapia kwamba taarifa yetu hata haijatoka mikononi mwake. Baadaye nikajua kwamba mteja wa Mombasa alikuwa amewaeleza wenzake siku ileile aliyorudisha mzigo. Sisi tulikuwa tumekaa tunalinda siri ambayo mji mzima ulikuwa nayo.

Na kama mji ulikuwa nayo, wakaguzi wa chakula wangekosaje kuisikia? Walikuja asubuhi, bila simu, wakaomba kuona tangawizi iliyorudi. Hofu yote ya kaka, tangu utotoni, ilikuwa imesimama mlangoni. Nilimwona akifungua kufuli la ghala, funguo zikamdondoka. Wakahesabu magunia, wakalinganisha na nyaraka za mpakani. Yalikuwa kamili. Wakatuuliza kwa nini hatukutoa taarifa kwao mapema. Tukapewa onyo kali, mzigo wote ukateketezwa mbele yao kwa gharama zetu, lakini ghala halikufungwa. Mmoja wao akasema, "Lingepungua gunia moja hapa, tungekuwa tunazungumza mengine."

Walipoondoka, kaka alikaa juu ya mzani wa magunia. Akasema bila kunitazama, "Nilikuwa nimekwishapatana na mtu mwenye mashine ya kusaga, aichukue tangawizi ile aisage auze. Lori lilikuwa lije Jumamosi, baada ya wale wahandisi. Ulipolisema lile neno mbele yao, nikampigia asije."

Nilikaa karibu yake. Alikuwa analia, baba yako, na mimi sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya baba. Usimhukumu kwa lori lile, mwanangu. Alikuwa mtu anayezama, na mtu anayezama hushika chochote.

Watafiti? Walikuja, lakini tulikuwa tumekata tamaa. Mvua zilipita, tukaanika, tukaharibikiwa tena kidogo. Ndipo akaja mwalimu wa chuo na wanafunzi wake. Waligundua kwamba tangawizi yetu ilikuwa ikikauka mchana vizuri, kisha jioni inarudishwa ghalani ikiwa na joto, inafunikwa kwa turubai, na unyevu wa hewa ya bahari unaingia humo humo, kuvu ikaota. Wakatujengea kaushio la jua lenye feni. La kwanza likashindwa, chumvi iliila feni ikakwama. Kaka akasema, "Si niliwaambia." Lakini safari hii alisema huku ameshika bisibisi, anawasaidia kuifungua. La pili walilibadilisha vyuma, likafanya kazi, nalo ndilo unalolitumia wewe leo.

Si kila kitu kilipona. Wapo wateja ambao hawajarudi hadi leo, na wakipita mbele ya ghala letu hugeuza shingo. Picha za kaushio letu nazo zilitolewa kwenye taarifa ya watafiti bila sisi kuombwa ruhusa, na wakulima wa Muheza wakajijengea lao kwa kuiga. Baba yako alichemka wiki nzima. Kisha tangawizi ya Muheza ikaanza kutufikia ikiwa imekauka sawasawa, akapoa. Hata hivyo mkataba tuliotia saini na watafiti tulikuwa hatujausoma vizuri. Mimi mwalimu, mwenye miwani, niliruka kurasa.

Kwa hiyo wakija kwako wiki ijayo, wakaribishe. Hofu utakuwa nayo, usiione aibu. Familia hii imepewa sababu ya kuwa nayo. Ila usiiachie ikujibie maswali. Uliza kwanza: habari hizi ni za nini, nani ataziona, picha zitatolewa wapi, na kitakachovumbuliwa kwa jasho letu kitakuwa cha nani. Wakikujibu, waambie waandike hayo majibu, na usitie saini mpaka umesoma ukurasa wa mwisho. Siri ya baba yetu ya bizari ibakize ndani, ni haki yako. Lakini kitu kinachoweza kumdhuru mtu atakayekula chakula chetu hakijawahi kuwa siri ya biashara. Hicho kiseme, hata kama sauti inakutetemeka. Kiseme mapema kuliko tulivyokisema sisi, na kwa wanaohusika wote.

Na ukishasema, utakaa na wasiwasi. Sitakudanganya kwamba utalala raha. Huenda wasije kukusaidia upesi, huenda wakaja wengine kukuuliza zaidi. Kaa nao huo wasiwasi, uendelee na kazi. Mimi nilidhani utaniua, nami huyu hapa nakusumbua kwa maneno.

Mola akupe ulimi usiopinda na watu wa kweli wa kukaa nao mezani. Akuepushe na faida iliyotoka katika ini la mtu mwingine, na mkono wako ubaki safi katika kila unachokifunga na kukiuza. Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo, na za baba yako pia.