Jogoo Aliyebaki

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitalini Homa Bay. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyekonda, mkono tumboni, na mumewe ubavuni. Muuguzi alikuwa akiwaeleza chakula cha mtu mwenye kansa ya utumbo.

"Ugali wa mtama acha kwanza, tumbo haliuwezi. Kula mayai, kunywa supu ya kuku. Kidogo kidogo, mara nyingi."

Mume akakohoa. "Sista, kwetu mwanamke hali kuku. Hata mayai."

"Hata akiwa mgonjwa?"

Mume akatazama viatu vyake. Muuguzi akamgeukia mama. "Nyumbani kuna kuku?"

"Walikuwa wengi, mimi ndiye nafuga. Lakini tangu niugue, watu wanakuja kunipa pole. Mgeni huwezi kumpa mboga. Nimewapikia wote, amebaki jogoo tu."

Mume akainama, akasema polepole ili foleni isisikie, nami nikasikia: "Tumchinje. Wewe kunywa supu. Wakiuliza, nitasema nilikula mimi."

Mama akamtazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni yeye. Akajifunga leso upya.

"Huyo nimemweka. Kaka zangu wakitoka kwetu Macalder kunizika, utawapa nini?"

Muuguzi akaita anayefuata.

Nimehudhuria matanga mengi huku kwetu ziwani, wasomaji wangu. Sijapata kuona mgeni akirudi kwao na njaa.