Mikebe ya Baba

Baba alifundisha shule ya msingi hapa Machakos mpaka akastaafu, na ufuo wa bahari aliujua kuliko wengi waliozaliwa kando yake. Alikuwa mwanachama wa chama cha wapenda viumbe na mimea, watu wa Nairobi, na kila walipoteremka Pwani alikuwa nao. Alirudi na makombe, yale maganda matupu ya konokono wa baharini, akayapanga kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Kila ufuo na mkebe wake. Hakuandika kitu. "Niko na kichwa," alisema.

Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia macho na mkono wa kushoto. Maneno kikaenda nayo.

Chama kikatuma ujumbe kwamba kitakuja kuchukua makombe, yahifadhiwe kwa wanaosomea viumbe hao, kama Baba alivyoahidi. Aliposikia, akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Tangu augue sikuwa nimemwona hivyo.

Mwaitu, mama yangu, akaita akina mama wa jumuiya, maana kwetu mgeni haingii nyumba yenye vumbi. Wakapiga deki, wakafua mapazia. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta makombe yote yameoshwa kwa sabuni, yamemiminwa kwenye beseni moja, yanang'aa. Mikebe walishagawana, ya kuwekea unga. Nilipandwa na hasira. Lakini utamfokea vipi mtu aliyekuoshea nyumba bure, huku akimwombea mgonjwa wako? Niliwaambia asanteni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama aliyetumwa na chama alikuwa mpole. Alishika kombe lenye madoa. "Mwalimu, hili ulilitoa wapi?" Akatueleza taratibu kwamba kombe lisilojulikana lilikookotwa haliwasaidii wasomi, linabaki pambo tu.

Baba akafungua kinywa. Ikatoka hewa.

Nikapiga magoti kando ya kiti chake. "Baba, mimi nitataja, wewe itikia kwa kichwa. Malindi?"

Akaitikia.

"Ama Diani?"

Akaitikia.

Nikaamua kumjaribu. Nikamtajia Kivaa, kwenye mashamba ya mahindi, mbali kabisa na bahari. Akaitikia, machozi yakimtiririka, huku mkono wake wa kushoto ukisukuma beseni kuelekea kwa mgeni.

Mgeni akalirudisha kombe kwenye beseni.