Viwavi vya Mutondo

Wenzangu tuliokulia Kalemie, munakumbuka likizo za mashambani? Sisi Mama alitupeleka kwenye shamba lake upande wa Niemba. Mvua ya kwanza ikinyesha tu, jioni vipepeo wakubwa wenye madoa kama macho mabawani walikuja kugongagonga taa. Tuliwakimbilia na masandali, maana kila mutoto alijua hao ni ndege wa wachawi. Mama akafoka, "Acheni bujinga! Huyu njo mama ya viwavi munavyokula. Hata kinywa hana, maskini. Anataga mayai, anakufa."

Mayai yakianguliwa kwenye majani ya mutondo, pori zima lilitafunwa. Ukisimama chini ya muti, ulisikia mavi ya viwavi yakidondoka majanini, utadhani manyunyu. Mama alitufundisha kuvitambua: chenye miiba mifupi, chukua, chenye manyoya marefu, kiache, utajikuna mpaka Pasaka. Tuliviminya matumbo, tukachemsha na chumvi, tukakaanga kwa mawese, tukasonga na bukari ya unga wa muhogo, ya moto, pembeni. Jamani, utamu ule! Ila vilivyoanza kushuka mutini hatukuvigusa. Hivyo vilikuwa vinaingia udongoni kulala, vitoke vipepeo mvua nyingine. Aliyeviokota, Mama alimulaza na njaa.

Watoto wangu wakiona kiwavi wanapiga kelele, halafu wanapiga picha. Haya, wakae na biskuti zao.

Mwaka huu Mama ameacha kula. Bukari anaisukuma, hata ndagala za ziwani anazigeuzia uso, na mifupa imeanza kuhesabika. Nilimununulia viwavi vya sokoni, vilivyotoka mbali, akaonja akatema.

"Nataka vya mutondo," akasema. "Vile vyetu."

Na mimi magoti haya yamechoka, lakini mama ni mama. Nikapanda pikipiki mpaka shambani. Ole wangu! Pori lote limekatwa, limechomwa kuwa makala ya kupikia, ni visiki mpaka macho yanapochoka. Nilizunguka asubuhi nzima. Mutondo mmoja tu ulisimama, umepindapinda, wakata makala hawakuutaka. Viwavi vyake vilikuwa tayari vinashuka, havijazi hata bakuli. Nikakaa chini, nikavitazama vikitafuta udongo. Moyo uliniuma kweli. Halafu nikaviokota vyote.

Mama alikula. Alikula mpaka akapangusa sahani kwa kidole, akapata na nguvu ya kunigombeza kwamba chumvi ni kidogo. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na machozi mengine yalikuwa ya pori lile. Enzi zetu tulishiba, tukabakiza, na bado tulivikuta tena. Leo sahani moja ya mugonjwa imetosha kumaliza.

Mama akajilaza, akanishika mukono.

"Mwaka kesho uende mapema, mwanangu. Uniletee vingi."

"Ndiyo, Mama," nikamujibu.