Tarumbeta Kwenye Rafu Isiyokuwepo

Katika nyumba aliyokulia dada huyu ninayetaka kukusimulia habari zake, hakuna aliyekaa kitini bila kwanza kukipapasa. Si kwamba viti vilikuwa vibovu. Baba yao, mpiga tarumbeta wa bendi, alikuwa na mzaha mmoja alioupenda kuliko chakula: ukiinama tu ukae, yeye anakivuta kiti nyuma, unajikuta chali sakafuni unatazama dari, na wenzako mbavu hawana. Kaka mtu akaurithi mchezo huo mapema. Mama yao alikemea, akanuna, akachoka, mwishowe naye akaanza kuvuta. Basi wote wakajifunza adabu moja: mkono nyuma kwanza, papasa, kiti kipo, haya kaa.

Wengine walipokua wakaiacha tabia hiyo, lakini yeye ikamganda. Anapapasa kiti benki, anapapasa kwa daktari wa meno, anapapasa hata benchi la zege kwenye bustani ya manispaa, benchi ambalo halijawahi kuvutwa na mtu tangu limwagwe. Mumewe anasema siku ya kwanza walipokutana alidhani mwenzake kapoteza funguo, akainama kumsaidia kutafuta. Ofisini wakampachika jina la Hakikisha, naye akaitika, yakaisha.

Kazi yake ni kuandika na kutunza programu za kompyuta, hasa ile sehemu inayoitwa faharasa. Ukiuliza kompyuta kitu fulani kiko wapi, faharasa ndiyo inayokujibu, bila kupekua hifadhidata nzima. Ni kazi nzuri, na dada wa watu anaipenda kweli. Shida ilikuwa kumwelezea baba.

"Hivi mwanangu, wewe huko kazini unafanya nini hasa?"

"Naandika programu za kutafutia vitu, baba."

"Vimepotea?"

"Hapana, vipo."

"Sasa kama vipo, vinatafutwa vya nini?"

Hapo nyumba nzima inaangua kicheko, na yeye anacheka nao. Lakini moyoni ilimuuma kidogo, tusidanganyane. Kaka yake ni fundi bomba. Mzee akifungua maji anajua mwanawe kafanya nini. Mdogo wake ni nesi. Mzee akipata kikohozi tu anawatangazia majirani kwamba ana hospitali yake binafsi. Na huyu binti wa kati? "Huyu yuko kwenye kompyuta," mzee anasema, halafu anabadilisha mazungumzo, kama mtu aliyetajiwa nchi asiyoijua.

Sasa yule nesi, kitinda mimba wao, akapata mchumba, na harusi ikapangwa Jumamosi. Wakamletea habari za muziki wa kurekodi, akakataa. Wakamletea kijana wa kinanda, akakataa. "Siingii ukumbini mpaka baba anipigie tarumbeta," akasema. "Akishindwa, nitasimama hapo mlangoni na shela langu mpaka wageni wamalize kula." Na wote wanamjua, angesimama kweli.

Mzee alikuwa hajapiga mbele ya watu tangu astaafu. Alijidai kulalamika, eti midomo imezeeka, lakini kila asubuhi alikuwa uani anafanya mazoezi, na mbwa wa jirani anamwitikia. Alikuwa na furaha mpaka akaanza kupiga mluzi bafuni. Wiki ya harusi akaipeleka tarumbeta yake kwa fundi, maana kitufe kimoja kilikuwa kinanata. Wakati wa kurudi akapanda basi, mkoba wa tarumbeta chini ya kiti, boksi la viatu vipya vya harusi mapajani. Njia nzima akawa anamchekesha kondakta. Kufika kituoni akashuka na viatu vyake, anapunga mkono, basi likaondoka na tarumbeta.

Alipoingia nyumbani alipapasa kiti, akakaa, akanyamaza. Jamani, nyumba ile ilikuwa haijawahi kumwona mzee amenyamaza. Mama akaenda kuzima redio. Kaka akasema wangeazima tarumbeta nyingine, mzee akatikisa kichwa: hiyo aliipiga maisha yake yote, midomo yake haijui nyingine, na hataki kwenda kumwaibisha binti yake mbele ya wakwe.

Kulipokucha akapata habari. Kondakta aliapa kwamba aliikabidhi kwenye stoo ya vitu vilivyosahauliwa, pale stendi kuu. Mzee akaenda mbio. Karani wa stoo, mama mmoja mnene mpole mwenye miwani ya mnyororo, akaandika "tarumbeta", na kompyuta ikajibu palepale: ipo, rafu ya elfu tisa mia nne na kumi na mbili. Karani akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Mzee wangu, stoo hii ina rafu sitini."

Wakaizunguka hata hivyo, bega kwa bega, labda kuna kona wameisahau. Haikuwepo. Na kutafuta kwa macho ndiyo usiseme: kila kitu kinachoingia mle kinafungwa kwenye gunia la kijivu lenye lakiri, yamefanana yote, juu yana namba tu, na namba ya kitu inajulikana na kompyuta tu. Karani akauliza tena. Safari hii mashine ikasema rafu ya sifuri. Akauliza mara nyingine, mashine ikazima kabisa. "Leo imeamka vibaya," karani akasema kwa huruma, na mzee akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jioni akawasimulia wanawe, na ile rafu ya elfu tisa akaitia chumvi kidogo, angalau wacheke. Walicheka, isipokuwa Hakikisha. Yeye alikuwa amesimama, kijiko mkononi.

"Baba, rudia. Mara ya pili ilisema ngapi?"

"Sifuri."

"Halafu ikazima?"

"Ikafa kabisa."

Programu ya stoo ile ilitengenezwa na ofisi yao. Na namba inayotoka hewani namna hiyo, kila ukiuliza inakuja tofauti, alikuwa anaijua ni dalili ya nini. Hakumwambia mzee kitu, asije akamtia matumaini hewa.

Ijumaa asubuhi akawahi kazini, akapapasa kiti, akakaa. Sasa ofisini kwao kuna mwiko: Ijumaa programu ya mteja haiguswi, maana ukiharibu, wikendi yako na ya wenzako imekwenda na maji. Tena faharasa ile ilikuwa imeandikwa na jirani yake wa meza, kijana wanayemwita Mwendokasi kwa jinsi anavyoandika. Vidole vyake ukivitazama unapata kizunguzungu. Ni mtu mwema, ana roho nzuri, lakini mambo ya kurudi nyuma kutazama hayamhusu.

"Faharasa yangu ina nini tena?" Mwendokasi akaja juu. "Ile ni chuma, dada! Miaka yote inafanya kazi!"

"Njoo nikuonyeshe chuma chako."

Akachukua karatasi, akamchorea kabati la droo. Kila droo ina mstari wa vijumba, na kila kijumba kina kijikaratasi kinachotaja kitu na rafu yake, vimepangwa kwa alfabeti. Droo ikijaa, baadhi ya vijikaratasi vinahamishiwa droo inayofuata. Wiki ile ilikuwa ya likizo, watu wamesafiri na watoto, wamesahau taulo, tochi na tai mpaka droo ikafurika, na kijikaratasi cha tarumbeta kikahamia kijumba cha kwanza cha droo ya pili. Programu inafungua droo ya kwanza, inapita kijumba baada ya kijumba, haikioni, inafika mwisho.

"Ikifika mwisho inafanya nini?" Hakikisha akauliza.

"Inasoma kijumba kinachofuata."

"Kipo?"

Mwendokasi akaisogelea skrini mpaka pua ikaikaribia.

"Hakipo," akasema taratibu. "Lo! Inatoa mkono nje ya droo!"

"Inatoa mkono nje, inaokota chochote kilicho pale. Ikiokota takataka, inaisoma kama namba ya rafu. Ikigusa pasipoguswa, inazimwa."

"Na mimi najisifu ni chuma. Nizikeni tu."

"Utazikwa Jumatatu. Leo kaa hapa."

Akaandika dawa yenyewe, na ilikuwa fupi hata inachekesha: kabla ya kusoma kijumba, tazama kama kipo ndani ya droo, kama hakipo, fungua droo inayofuata, kama droo zimeisha, sema hakuna. Basi. Lakini mwenye kupapasa viti hapapasi kimoja. Alipekua faharasa nzima, akakuta mahali pengine ambapo mkono unatoka nje vilevile, kwenye kufuta, kwenye kuhesabu, akaziba moja moja. Kisha wakaitengenezea mitihani: droo tupu, droo yenye kijikaratasi kimoja, droo iliyojaa pomoni, kitu cha mwanzo kabisa, kitu cha mwisho kabisa. Mwendokasi, aliyekuwa sasa na ari ya mtu aliyeokoka, akawa anabuni mitego ya kuiangusha. Ikasimama.

Ikabaki Ijumaa. Wakaingia wote wawili kwa mkuu wao, mtu wa kukunja uso. Akasikiliza, akatazama mitihani, akauliza, "Na kwa nini haiwezi kungoja Jumatatu?"

"Kwa sababu kesho mdogo wangu anaolewa, na tarumbeta ya baba iko ndani ya droo," Hakikisha akasema.

Mkuu akamtazama. Akatazama mitihani tena, toka juu mpaka chini, kwa utulivu wa kuudhi. "Na stoo nzima inaambiwa uongo tangu likizo ianze," akasema mwishowe. "Pakieni. Lakini mkae hapa hapa mpaka nithibitishe inafanya kazi."

Wakapakia. Hakikisha akampigia baba yake simu: "Baba, nenda stendi, mwambie yule mama aulize tena."

"Mwanangu, mimi nimeshamchosha yule mama."

"Nenda tu, baba. Nakuomba."

Kilichofuata alikisikia kwa simu, maana mzee hakuikata. Alisikia stendi, honi, mlango wa stoo, karani akisema, "Mzee wangu, karibu tena, tujaribu." Akasikia vidole kwenye vibonye. Mwendokasi kando yake alikuwa anatafuna kalamu yake, si kwa mfano, anaitafuna kweli.

"Rafu ya arobaini na moja," karani akasema. "Hiyo ninayo!"

Nyayo zikaenda, zikarudi. Gunia likachakarika, lakiri ikakatwa. Na katikati ya ofisi ile yenye kiyoyozi na watu wenye heshima zao, kutoka kwenye simu ndogo iliyolala mezani, ikatoka sauti ya tarumbeta, kali, yenye majivuno, na kitufe kile hakinati hata kidogo. Watu wakainuka kwenye meza zao. Mkuu akatoa kichwa mlangoni.

"Nadhani inafanya kazi," akasema.

Hakikisha alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mzee akarudi kwenye simu anahema. "Umefanya nini wewe mtoto? Jana mashine ilikuwa kichaa, leo ina akili!"

Akataka kuanza na faharasa, akaacha. Akataka kuanza na droo, akaacha pia.

"Baba," akasema, "programu ilikuwa inakaa bila kupapasa kiti. Nimeifundisha kupapasa."

Mzee akacheka, kicheko kile cha kutoka tumboni, mpaka karani akasikika akimuuliza kama yuko salama.

"Kumbe kazi yako ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, baba."

"Miaka yote nakuuliza, kumbe kazi yako nilikufundisha mimi!" Na akaanza palepale kumweleza karani, simu bado iko hewani, kwamba binti yake wa kati ndiye anayezifundisha kompyuta kukaa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee akasimama mbele na viatu vyake vipya, tarumbeta inang'aa. Kabla hajapiga akaomba kipaza sauti, na mama akashika kichwa kwa kujua huyu akipewa kipaza sauti ni balaa. Lakini mzee alisema maneno machache tu. Akaonyesha kidole meza ya familia: "Yule pale, mwenye gauni la bluu, ndiye aliyenirudishia hii. Msimame wote mumpigie makofi. Na mkirudi kukaa, papaseni!"

Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi, ukacheka bila kujua unacheka nini. Hakikisha alisimama nao, uso umemwiva kwa haya na furaha. Hapo tarumbeta ikaanza, mlango ukafunguliwa, mdogo wake akaingia na shela lake anacheka meno yote nje, na Hakikisha akasahau dunia. Machozi yakamziba macho. Akataka kukaa, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni, mkono wake haukwenda nyuma.

Akaenda chini mzimamzima, gauni la bluu limetandaa. Alipogeuka akamwona mama yake, mama mtu mzima na kilemba chake, amekishika kiti kwa mkono mmoja, macho mbele, hana hili wala lile.

Kule mbele mzee aliona yote. Tarumbeta ikatoa mlio wa ajabu, kicheko kilichokosa pa kupitia kikapitia humo, na bibi harusi akalazimika kusimama katikati ya njia ajishike mbavu. Kisha mzee akavuta pumzi, akageuka kidogo, akauelekeza mdomo wa tarumbeta meza ya familia, akaendelea pale alipoachia. Mumewe alimnyooshea mkono amwinue, Hakikisha akaukataa. Alikaa palepale sakafuni, akaegemea miguu ya mama yake, akamsikiliza baba yake akimpigia mpaka wimbo ukaisha.