Nilivyotoka kuchora mistari ya uwanja Rågsved mpaka kuwa coach wa Waairishi, na kwa nini natembea na maharage mfukoni

Wakuu, salamu kutoka Stockholm, huku kusini, Rågsved.

Nyuzi zenu nazisoma miaka mingi bila kuchangia. Leo naandika yaliyonikuta mwenyewe, na sehemu inayoniaibisha sitairuka.

Kwanza mnijue. Elimu yangu darasa la saba. Nimeosha vyombo, nimefagia ofisi za watu, mpaka nikapata kazi ya kutunza uwanja wa michezo. Nakata nyasi, nachora mistari, nafungua vyumba vya kubadilishia nguo.

Coaching sikusomea popote. Lakini team niliyoikuta haijui kushinda, leo kabatini ina vikombe vinne. Wenye vyeti wapo, vikombe vyao sijaviona.

Mchezo wenyewe ni Gaelic football, mpira wa Waairishi. Unashika kwa mkono, unapiga kwa mguu. Goli lina nguzo ndefu zinazopita juu ya mwamba. Ukipitisha mpira juu ya mwamba, pointi moja. Ukiutia chini, kwenye nyavu, ni goli, na goli ni pointi tatu. Ubaoni wanaandika magoli kwanza, halafu pointi.

Hapo pa ubao pashikeni, tutaparudia.

Waairishi walifanya training uwanjani kwangu kila Jumanne. Misimu mitatu nimesimama na toroli la chokaa nawatazama wanavyoufuata mpira wote, kama kuku waliomwagiwa mtama.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikapaza sauti kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nyie wawili bakini nyuma. Wakabaki. Siku hiyo mambo yakaenda.

Coach wao aliporudi Ireland, mwenyekiti wa club, mzee mmoja fundi seremala, akanipa team kwa majaribio. Nikichukua kombe la kiangazi, kazi yangu. Nikilikosa, narudi kwenye chokaa.

Niliitaka ile kazi wakuu. Miaka yote watu wananipita pale bila hata salamu, sasa wananiita coach.

Sheria yangu ya kwanza ilikuwa moja: uwanjani hakuna kubishana na mimi. Wakaifuata. Tukafika fainali.

Zimebaki dakika chache, nikatazama ubao. Sisi 1-8. Wao 0-12.

Mimi nimekulia mpira wa miguu. Jicho likaona moja kwa sifuri. Nikajua tunaongoza. Nikawaambia washike mpira, wapigiane nyuma, wasishambulie.

Otieno, Mkenya wa Sundbyberg, kiungo wangu, akaja mbio mpaka kwenye mstari.

"Coach, si tushambulie?"

"Otieno, nani coach hapa?"

"Ni wewe, lakini..."

"Hakuna lakini. Nyie Wakenya kubishana mmezaliwa nako. Rudi ukashike mpira."

Akarudi. Wakapigiana pasi safi kabisa, hakuna aliyepoteza. Wapinzani wanatutazama tu, hata kukaba hawakabi. Nikasema hawa pumzi imekata.

Filimbi ikalia. Nikaruka, nikamkumbatia mwenyekiti. Mikono yake ikabaki chini. Nikageuka, wapinzani nao wanakumbatiana.

Ndipo nikapiga hesabu. Tatu na nane, kumi na moja. Wao kumi na mbili.

Naingia chumba cha kubadilishia nguo, uongo nimeshauandaa: ningesema nilikuwa nawavuta wapinzani ili tuwavizie mwishoni. Kuficha kwamba sijui ndiko kulikonifikisha hapa nilipo. Lakini nikamkuta Otieno anafungua viatu, haniangalii.

Nikasema, "Nimesoma ubao vibaya. Nilidhani tunaongoza."

Otieno akasema, "Tulijua coach. Team yote ilijua."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Si ulikataza?"

Mmoja akacheka, kikazuka kicheko chumba kizima. Mwenyekiti hakucheka. Akasema kombe hakuna, na makubaliano tulishayaweka. Akauliza nani anataka niondoke, anyooshe mkono.

Hakuna mkono.

Otieno akasema, "Huyu mzee abaki. Ile sheria yake ndiyo iende."

Nikabaki, sheria ikaenda. Siku hizi kijana yeyote ananiambia nimekosea mechi ikiendelea, na kusema kweli wengine wamezidisha.

Na mimi nikajitafutia dawa yangu. Siku ya mechi nabeba maharage. Pointi moja, punje moja. Goli, punje tatu. Yetu mfuko wa kulia, yao wa kushoto. Ubao siuangalii tena.

Mke wangu aliwahi kuifua ile suruali na maharage yake kwenye mashine ya kufulia ya jengo zima. Kesho yake jirani kabandika karatasi ukutani, kwa Kiswidi cha heshima kabisa, anauliza nani anapikia humu.

Vikombe vyote vinne nimevichukua baada ya siku ile. Nilichojifunza: ukiwafunga watu midomo, watakuacha ukosee, tena kwa utii kabisa.

Karibuni mseme. Wa kucheka mcheke, ila kwanza mnijibu bila kalamu: ubao unasema 2-5 kwa 0-11, dakika imebaki moja. Unashambulia au unashika mpira?

Mimi jibu ninalo, liko mfukoni.