Shati la Nikodemu Lililonukia Udi

Margareta alikuwa na wivu, tusizunguke. Temeke, mwaka 1951, mumewe Nikodemu akirudi kutembea jioni, alinuswa shati kwanza, salamu baadaye.

Siku moja shati likanukia udi.

Margareta katokea Masasi, udi kakutana nao humo humo kwenye nyumba ya kupanga. Chumba cha pili alikaa Mwanaheri, mwanamke wa Pwani mwenye talaka mbili na kicheko kikubwa. Kila alasiri aliweka makaa kwenye chetezo, akatupia udi, akafukiza kanga zake. Margareta akaamua kwamba harufu ile haimshiki mwanaume mpaka awe amelala mle. Jumapili angemwambia padri ndoa basi, arudi kwao.

Ijumaa akamvaa mwenzie uani.

"We Mwanaheri, mume wangu anafuata nini chumbani kwako?"

"Nikodemu? Shoga, mie nimeacha waume wenye baiskeli, nije nimchukue huyo anayekoroma mpaka namsikia?"

"Umemsikiaje kama hulali naye?"

"Si juu kule kuko wazi!"

Kweli. Kuta ziliishia chini ya makuti, dari hakuna.

"Kalifue hilo shati," Mwanaheri akasema. "Likikauka litundike ndani, piga kufuli, ufunguo kaa nao. Halafu njoo ukae na mie."

Akafanya. Nikodemu yuko bandarini. Mwanaheri akachoma udi, moshi ukapanda, ukapotea. Na hapa ndipo watu wanapochemka: kutoonekana siyo kuondoka. Zile chembe za udi zinakimbia kila upande, zinagongana, zinasambaa mpaka zijaze kila nafasi iliyo wazi. Hazijui chumba ni cha nani.

Margareta akafungua kufuli. Shati linanukia. Mto unanukia. Mpaka maharage.

"Umeona?"

"Nimeona. Kwa hiyo mume wangu akivuta pumzi, anakuvuta wewe."

"Hata mzee Sadallah wa chumba cha mwisho ananivuta, na meno hana!"

Waliokuwa uani wakacheka. Margareta hakucheka. Kwa padri hakwenda, samahani hakuomba. Nikodemu aliporudi alikuta kitanda kimesukumwa ukuta wa mbali na chumba cha Mwanaheri, na upande wake wa kulala umebadilishwa.

"Kuna nini tena, mama?"

"Mie nalala upande huu wa kwa Mwanaheri," Margareta akamjibu. "Harufu yake nitaivuta mie kwanza. We utapata makombo."