Kikombe cha majani ya mpapai nilichokimwaga

Leo nimemwambia binti yangu jambo ambalo mama yangu alikufa bila kulijua.

Mjukuu wangu ana homa. Dispensari wamempa vidonge, lakini binti yangu amechemsha pia majani ya mpapai, akanipa kikombe huku akielekea mlangoni.

"Mama, umunyweshe, mi nakuya."

Nikamwita arudi, kikombe kikiwa bado mkononi mwangu.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, hapa hapa mtaani Dilala, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Mama alijulikana kwa dawa za mpapai: mbegu za kutoa minyoo, utomvu wa kupaka mapunye, majani ya homa.

Mdogo wangu Kapinga akaugua homa. Mama akanipa kikombe nimnyweshe, akaenda bombani kuteka maji.

Kapinga alilia. Dawa ile ni chungu sana, nanyi mnaijua. Nikamhurumia, nikaimwaga nyuma ya nyumba.

Mama aliporudi akauliza, "Amemaliza yote?"

"Yote, mama."

Nilikuwa na miaka saba.

Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne tukamzika.

Sijui kama majani yangemponya. Ninachojua ni kwamba watu waliacha kuja kwa mama, na yeye hakuchemsha tena jani lolote. Alisema mikono yake imeharibika, haiponyi tena.

Binti yangu amenisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanikumbatia. Ameninyang'anya kikombe, polepole, akamnywesha mtoto yeye mwenyewe.

Simlaumu.

Ninyi mngeniachia kikombe?